Shimo la Mfugaji Bora

Si zamani sana, wala si mbali sana, na msomaji atakayesema anaijua nchi hii atakuwa amejitaja mwenyewe, mimi sikumtaja. Jina lake lilikuwa Nchi Kubwa. Ilikuwa ndogo. Mtu akitoka mpaka wa mashariki na chungu cha uji mkononi, alifika mpaka wa magharibi uji ungali unaunguza ulimi. Lakini hilo halikuwa jambo la kusemwa, maana palikuwa na sheria, tena ya upole. Haikumkataza mtu kusema nchi ni ndogo. Ilimtaka tu aliyesema hivyo aende akaipime mwenyewe, kwa miguu, akisindikizwa na askari. Wengi walikwenda kupima na hadi leo tunasubiri majibu yao.

Katika nchi hiyo, kwenye kijiji cha Makorongo, aliishi mfugaji aitwaye Ngolo Mahundi. Alikuwa mrefu, wa kuinama akiingia nyumbani mwake, wa kuitwa na majirani kila kitu kiliponasa juu ya paa. Urefu huo aliurithi kwa mama yake, Bibi Nyanzala, na kwa mama huyohuyo akarithi ng'ombe wafupi kuliko wote ambao serikali iliwahi kuwaonea haya.

Waliitwa lukwale. Ng'ombe wa lukwale aliyekomaa humfikia mtu wa kawaida kiunoni, na hapo hakui tena, hata umlishe nini. Ana kwato ndogo ngumu, hupanda magenge ambako ng'ombe wa nchi nyingine angevunjika shingo. Ukame ukija hula majani ambayo mbuzi huyanusa akayaacha. Mtamba wake huzaa peke yake, asubuhi unamkuta ndama keshasimama. Na nyama yake ni laini, imenona kati kwa kati, hata mgonjwa asiye na meno huimaliza bila kuomba msaada. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba alikuwa mdogo na watu walimwona.

Watu wa Makorongo hawauzi dume wa mbegu. Humuazima. Jirani akitaka mtamba wake apandwe, humpeleka zizini kwa mwenye dume, na kabla ya lolote pana neno la kusema. Mwenye dume huvua viatu, husimama ubavuni mwa mnyama wake, nyayo na kwato zikiwa ardhi moja, huweka mkono juu ya nundu, kisha humtaja: jina lake, la baba yake, la babu yake, na zizi alikotoka. Mwisho husema, "Nami fulani nasimama naye." Jirani akishasikia hivyo hujua damu anayopeleka nyumbani. Ndiyo maana miongoni mwa lukwale hapakuwa na ubishi wa nani kamzaa nani, jambo ambalo baraza la mawaziri la nchi ile lisingeweza kujisifia.

Ni mara moja tu mtu humtaja dume akiwa chini yake. Dume wa mbegu haliwi na mwenyewe. Akifa huchimbiwa kaburi, na mwenyewe hutangulia kushuka. Humtaja akiwa mle shimoni, watu wa juu wamevua kofia, na mkubwa wao huitikia, "Apumzike." Kisha mwenyewe hutoka, na dume huteremshwa.

Dume wa Mahundi aliitwa Yatosha. Alikuwa wa rangi ya hudhurungi, na alama nyeupe kwenye paji la uso. Alikuwa na tabia ya kumwegemezea Mahundi kichwa pajani wakiwa wamesimama, na Mahundi, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza hata watoto, alimwachia.

* * *

Mkuu wa nchi aliitwa Mheshimiwa Mkuu Kuliko. Kuliko nani, haikuandikwa, kwa sababu kila jina lililopendekezwa lilionekana linampunguza. Siku moja alisafiri ng'ambo, akapigwa picha pamoja na dume wa huko, naye akamfikia dume huyo kwenye kitovu. Magazeti ya nyumbani yalikuwa na adabu. Yalimkata dume, yakabakiza ngozi nyuma ya Mheshimiwa, yakaandika kwamba kiongozi wetu alitembelea ukuta.

Mheshimiwa aliporudi alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi hupimwa kwa ng'ombe wake. Nimekwenda nimeona. Wenzetu wana ng'ombe, sisi tuna fedheha yenye mkia. Nimeuliza nani katufupisha? Ni wakoloni, ni mabeberu, na ni wafugaji wachache wenye roho ndogo. Kuanzia leo, ufupi ni adui wa taifa."

Bunge lilipiga makofi hadi mbunge mmoja akateguka mkono, naye akatunukiwa nishani. Wizara ya Mifugo ikawa Wizara ya Mifugo na Vimo. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Dakta Pazi Mlangila, alizindua Operesheni Ondoa Ufupi. Yalikuja madume makubwa kwa meli, yakavalishwa mashada, yakapelekwa Makorongo kuboresha mbegu. Makorongo, kama jina lilivyo, ni makorongo. Madume yale yaliteremka yote, kwa kasi kubwa kuliko ilivyopangwa, na taarifa ya wizara ikasema kwamba yamepenya hadi ngazi ya chini kabisa.

Ikabaki sehemu ya pili ya operesheni. Katika kila zizi ilichomekwa fimbo yenye rangi za bendera. Dume asiyeifikia fimbo alihasiwa. Vijana wa wizara walizunguka na koleo lao, na kila walikopita wenye zizi walisimama nje wakitazama upande mwingine. Hakuna aliyemtaja dume wake siku hizo. Ungesimamaje naye, huku umemshikia miguu?

Mahundi alimficha Yatosha ndani ya nyumba. Dume yule aliingia mlangoni wima, wakati mwenye nyumba aliinama kama kawaida. Aliwekwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, karibu na kitanda cha ndoa.

Afisa wa wilaya alikuwa Bwana Chikoti. Zamani aliitwa Bwana Mifugo, sasa aliitwa Bwana Kimo. Alikuwa mtu mwema, ukimkuta peke yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Bwana Afisa. Karibu."

"Tunatafuta madume."

"Hapa hapana."

Yatosha, aliyezoea kwamba Mahundi akisema na mgeni basi anakaribia kutajwa, akasukuma pazia akatoka. Akasimama ubavuni mwa Mahundi, nyayo na kwato ardhi moja, akangoja.

"Na huyu?" aliuliza Bwana Chikoti.

"Mbuzi," alisema Mahundi.

"Mwenye nundu?"

"Aliumwa na nyuki."

Sikudhani, mke wa Mahundi, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliinamisha uso kwenye ungo. Yatosha akaegemeza kichwa pajani kwa Mahundi. Kwa mara ya kwanza tangu arithi zizi la mama yake, Mahundi aliona aibu mbele ya ng'ombe. Bwana Chikoti naye alimtazama mnyama kwa muda, akatazama barabara kama kuna mtu, akasema kwamba kwa kweli ni mbuzi mwenye afya nzuri sana, akaenda zake.

* * *

Alirudi baada ya siku chache, na safari hii hakuwa peke yake, kwa hiyo hakuwa mwema. Alikuja na gari la wizara, na ndani yake Dakta Dakta Mlangila mwenyewe.

Jambo lilikuwa hili. Mheshimiwa Mkuu Kuliko, katika chakula kule ng'ambo, alimwambia mwenyeji wake kwamba ng'ombe wa Nchi Kubwa ni wakubwa hadi ndege wa mvua hujenga viota mgongoni mwao. Mwenyeji akasema angependa kuwaona. Sasa alikuwa anakuja, naye ndiye Mgeni wa Heshima, mtu wa nchi tajiri, na nchi nzima ilikuwa imebakiwa na dume mmoja asiyehasiwa. Wizara ilijua ni mbuzi wa nani.

"Mzee Mahundi," alisema waziri, "wataalamu wetu wamekesha. Ng'ombe hawezi kukua hadi Jumamosi. Lakini ukubwa ni nini? Ukubwa ni tofauti ya kimo kati ya kitu na jirani yake. Kisichoweza kupanda, jirani yake hushuka. Wewe utashuka."

"Nishuke wapi, mheshimiwa?"

"Shimoni. Shimo dogo tu la heshima. Utasimama humo hadi kifuani, majani yatapangwa kuzunguka, dume atakuwa kando yako. Mgeni atakuona mtu mzima, na juu yako ng'ombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mahundi alisema taratibu, kwa sababu alidhani waziri hajui. "Mheshimiwa, huku kwetu mtu haingii shimoni kando ya dume aliye hai. Tunaingia tukimzika."

"Mila nzuri sana," alisema waziri. "Tutaitunza kwenye makumbusho. Bwana Kimo, mwonyeshe mzee koleo."

Bwana Chikoti alilitoa kwenye mfuko akalishika chini, karibu na mguu, kama mtu aliyetumwa kununua kitu asichotaka kuonekana nacho.

"Shimo au koleo, mzee wangu," alisema, na hakumtazama.

Jioni ile Sikudhani alimsikiliza mumewe hadi mwisho. Alikuwa mwanamke mfupi, humfikia Mahundi kifuani, na akitaka kumwambia jambo zito humwambia akae kwanza.

"Kaa, Baba Zaina." Mahundi akakaa. "Usiingie."

"Watamhasi. Ndiye pekee aliyebaki. Mitamba yote ya kijiji itazeeka bila ndama."

"Nimesikia. Tumfiche tena."

"Wapi? Kila mtu anajua."

"Sijui wapi. Mpeleke magengeni, lala naye huko. Lakini shimo si mahali pa kumtajia aliye hai. Ukimtaja humo umemzika."

"Ni maneno tu, Mama Zaina. Nitayasema, picha itapigwa, nitatoka, na dume atabaki na mbegu zake."

"Kama ni maneno tu," alisema Sikudhani, "mbona kila ukiyasema unavua viatu?"

Mahundi aliinuka kwenda kulala, na mtu akishindwa na mkewe hufanya vilevile alivyokwisha kuamua.

* * *

Siku ikafika. Shimo lilikuwa limechimbwa na jeshi la wananchi, chini ya usimamizi wa kanali, na lilikatiwa utepe. Mahundi akateremshwa, akiwa na kanzu mpya ya wizara ambayo chini ya kifua ilikuwa haijashonwa, maana haikuonekana haja. Nyuma yake majirani walikalishwa mtaroni, vichwa tu juu, wakaambiwa watabasamu kwa kadiri ya kimo chao kipya. Mawaziri walipiga magoti. Mheshimiwa Mkuu Kuliko peke yake alikuwa juu ya jukwaa, kwa kuwa yeye hakuhitaji kulinganishwa na chochote.

Yatosha aliletwa. Alikuwa amepakwa mafuta, amepigwa rangi pembe. Alimjua Mahundi kwa harufu, akaja kusimama ubavuni mwake, akaegemeza kichwa pale paja lilipokuwa siku zote. Hapakuwa na paja. Nusura aanguke. Akatazama huku na huku, akainamisha kichwa, akamkuta bwana wake chini ya shingo yake, akamnusa utosini.

Mgeni wa Heshima aliposhuka garini alisimama, akavua miwani, akavaa tena. Alisema kupitia mkalimani kwamba hajawahi kuona dume wa namna hii. Hakuwa amedanganya.

"Anaitwaje?" aliuliza.

"Ngurumo ya Taifa," alisema Dakta Dakta Mlangila kutoka magotini.

"Nimesoma kwamba huku mwenye dume ndiye humtaja, kwa maneno maalumu. Naomba niyasikie."

Waziri alimtazama Mahundi kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akamtazama Bwana Chikoti, aliyekuwa na mfuko wake. Mahundi akaweka mkono juu. Nundu haikufikika. Akashika mguu wa mbele wa Yatosha, juu kidogo ya kwato, akasema.

"Huyu ni Yatosha, mwana wa Sinahaja, mwana wa Polepole, wa zizi la Nyanzala. Nami Ngolo Mahundi nasimama naye."

Kule mtaroni watu walikuwa wameamriwa watabasamu. Lakini mtu huishi na mila kabla hajaishi na amri, na waliposikia maneno yale yakitoka ardhini, wanaume walivua kofia, mmoja baada ya mwingine. Wanawake waliinama. Mzee mmoja mwenye sauti kavu, bila kukusudia, aliitikia, "Apumzike."

Mgeni alidhani ni makofi ya kwao, akainamisha kichwa kushukuru. Picha ikapigwa. Mahundi alitazama mbele, kwenye kwato za dume wake, akaona aibu iliyomjaa hadi masikioni, na hakuwa na mahali pa kujificha, maana alikwisha kuwa shimoni.

* * *

Mgeni alimsifu dume, na katika nchi ile mgeni akisifu kitu, hupewa. "Mchukue," alisema Mheshimiwa kwa ukarimu, akitoa cha Mahundi. Mgeni akasema ndege haina nafasi ya mnyama mkubwa kiasi hicho, ila angefurahi kumwonja.

Hivyo ndivyo Yatosha aliyenusurika koleo alivyokwenda kwenye kisu, siku ileile aliyotajwa, naye Mahundi akapandishwa gari kwenda Ikulu kama Mfugaji Bora. Alikalishwa kwenye kiti kilichokatwa miguu. Kwa kuwa dume alikuwa mkubwa rasmi, wapishi walikuwa wameandaa masufuria ya kulisha mabalozi wote, wabunge wote, na bendi. Nyama iliisha meza ya pili. Itifaki haikuyumba. Waliokosa waliamriwa watafune, na ukumbi mzima ukatafuna, wengine wakafikia hata kuchokonoa meno.

Mgeni aliomba aongezewe. Mheshimiwa alimweleza kwamba ng'ombe wa Nchi Kubwa ukubwa wake uko zaidi kwenye hadhi.

Mahundi alikuwa meza ya kwanza. Mbele yake palikuwa na kipande. Hakukigusa.

"Kula, mzee," alisema Dakta Dakta Mlangila akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Mgeni anakutazama."

"Dume wa mbegu haliwi na mwenyewe, mheshimiwa."

"Wewe si mwenyewe tena. Dume ni wa taifa. Kula."

Mgeni kweli alikuwa anatazama, kwa huruma, akisema kitu kwa mkalimani kuhusu yule mtu mdogo asiye na hamu ya chakula. Mahundi akala. Ilikuwa tamu. Ilikuwa nyama tamu kuliko yoyote aliyowahi kuitia kinywani, na alipomaliza ulimi wake, bila ruhusa yake, uliramba mdomo. Alipofika nyumbani na Sikudhani akamuuliza yako wapi mabaki ya Yatosha wayazike, alisema hayakubaki. Hilo la ulimi hakulisema. Hakulisema kwa mtu yeyote, na ndilo lililomlaza macho siku zilizofuata.

* * *

Hadithi ingeishia hapo kama picha ingebaki nyumbani. Ilikwenda na Mgeni. Watu wema wa nchi tajiri waliitazama, na kwa kuwa walikuwa na akili zao timamu hawakushangaa ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wa kimo cha ng'ombe wao. Walichoshangaa ni watu. Taifa zima, vichwa kando ya kwato. Wengine walilia. Ilichangwa misaada, ikaja kwa meli zilezile zilizoleta madume: vitanda vifupi, suruali za kimo cha watoto zenye mifuko ya watu wazima, na maziwa ya unga ya kurefusha.

Baraza la mawaziri lilikutana kwa dharura. Palikuwa na njia mbili, kusema ukweli au kupokea msaada, na kikao kilichukua muda mfupi kuliko kawaida. Ilizinduliwa Operesheni Shusha Kimo. Kila kaya ilichimba shimo lake uani, ili wakaguzi wa msaada wakija wakute wananchi wa kimo kinachofaa kusaidiwa. Vyeo vilipimwa kwa kina. Mkulima alizama hadi kifuani, mwalimu hadi kiunoni, afisa wa wilaya hadi magotini. Waziri alisimama juu, ila kwa unyenyekevu alikunja shingo.

Shimo la Mahundi, kwa kuwa lilikuwa la kwanza, lilijengewa kingo za saruji, na lilikuwa palepale katikati ya zizi. Picha yake ilitiwa kwenye kalenda ya taifa. Ilitundikwa katika kila ofisi, kila zahanati, na kila duka la nchi: dume mkubwa ajabu, na chini yake kijitu kilichokunja uso.

Zaina, binti yao, alikuwa ameolewa wilaya ya mbali. Alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, kalenda imefika huku. Wakwe zangu wameitundika sebuleni. Mama mkwe aliniuliza kama hiki kijitu ni mtu wa kwetu, maana jina la kijiji limeandikwa."

"Ukasemaje?"

"Nilisema simjui," alisema Zaina. "Nisamehe, baba. Walikuwa wanacheka."

"Hapana neno," alisema Mahundi. "Ulijibu vizuri." Akamrudishia Sikudhani simu, akaenda kusimama shimoni, ingawa siku ile hapakuwa na mkaguzi.

* * *

Alizoea. Wanasema mtu huzoea yote, nami naamini, kwa kuwa nimeambiwa na watu walioko mashimoni. Ng'ombe wake walimpita juu. Kwa kuwa sasa yeye alikuwa mfupi kuliko wao, walimzunguka kama wanavyozunguka kisiki, wala hawakumkanyaga, maana lukwale huangalia wanapoweka mguu.

Miongoni mwao palikuwa na mtamba mmoja mweusi, ambaye Yatosha alimpanda kabla ya mambo yote haya. Watu wa kijiji walimtazama kwa pembeni, hawakusema kitu, wakasogeza majani mabichi karibu na zizi lake kila walipopita. Asubuhi moja, siku ambayo wakaguzi walitarajiwa, alizaa. Alizaa peke yake kama mama zake walivyozaa, na jua halijapata nguvu ndama alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, akitetemeka. Alikuwa mdogo. Alikuwa dume. Alikuwa na alama nyeupe kwenye paji.

Ndama dume hutajwa siku anayosimama, kabla jua halijatua; akishatajwa ni wa mbegu, asipotajwa hawi. Habari ilienda shimo kwa shimo kijiji kizima, na shingo zote zikageukia zizi la Mahundi.

Bwana Chikoti alikuwa amefika mapema kuandaa mapokezi, na alikuwa tayari amesimama kwenye kashimo kake ka magotini, karibu na lango. Alimwona ndama. Uso wake ulilegea, kama siku ile ya mbuzi.

"Mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, "hongera." Kisha akasikia magari yanapanda mlima, na uso ukakaza. "Lakini usitoke. Wakikukuta umesimama juu, msaada unakatwa nchi nzima, na mimi na wewe tutakwenda kupima mipaka."

Mahundi aliweka viganja kwenye kingo za saruji. Mikono yake bado ilikuwa na nguvu, na shimo halikuwa refu kwa mtu kama yeye. Alisikia magari. Alitazama ndama. Alijiambia kwamba atatoka wageni wakishaondoka. Halafu akawaza kwamba huenda wakakawia, na jua litatua, na kwamba heri kumtaja vibaya kuliko kutomtaja. Akavuta pumzi akiwa mlemle.

"Huyu ni," alianza.

Sikudhani alikuwa amefika ukingoni. Alichuchumaa, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Huyu yuko hai, Baba Zaina," alisema. "Huyu usimtaje."

Hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Alisimama, akavua kandambili zake akaziacha pale pale mbele ya macho ya mumewe, akaenda kwa ndama. Akasimama ubavuni mwake, nyayo na kwato ardhi moja, akaweka mkono mahali ambapo nundu ingeota.

"Huyu ni Amebaki," alisema kwa sauti ya kufika shimo la mwisho, "mwana wa Yatosha, mwana wa Sinahaja, mwana wa Polepole, wa zizi la Nyanzala. Nami Sikudhani nasimama naye."

Kijijini kote hakuna aliyeitikia, kwa kuwa kwa aliye hai hakuna kiitikio. Lakini kofia zilibaki vichwani.

Magari yalikuwa yamesimama langoni. Wakaguzi walishuka, watu warefu wenye nyuso za huruma, wakaangaza macho juu ya vichwa vya wananchi, na macho yao yakamkuta Sikudhani. Walirudi nyuma hatua moja.

"Tumeambiwa watu wote huku ni wadogo," alisema mkubwa wao kupitia mkalimani. "Jitu hili la kike limetoka wapi?"

Bwana Chikoti alikunja magoti, akazama kidogo zaidi. "Ni mpita njia," alisema. "Si wa hapa." Na kwa kuwa wageni walionekana kutoridhika, akageuka. "Si ndivyo, mzee? Huyu mwanamke unamjua?"

Mahundi alimtazama mkewe. Kutoka pale alipokuwa, cha kwanza alichokiona ni miguu yake, yenye vumbi la zizi, kando ya kwato nne ndogo zilizokuwa bado mbichi. Alipanda kwa macho hadi usoni. Hakuwahi kumtazama Sikudhani kwa kuinua shingo. Naye alikuwa anamtazama, hakukasirika, hakuomba kitu, alikuwa anangoja tu asikie.

Mkalimani alikuwa na kalamu mkononi. Mahundi alikohoa.

"Si wa hapa," alisema.

Wageni walishukuru, wakampiga picha, wakamwekea maziwa ya unga ukingoni. Sikudhani alichukua kandambili zake. Ndama alijikongoja kumfuata, akafika kwenye shimo, akasimama. Akainamisha kichwa, akamlamba Mahundi shavuni, mara moja, kisha tena, kwa kuwa palikuwa na chumvi.